Unaniuliza ununue kamera gani? Anza na jua

Juzi msichana mmoja wa Mbale kaniandikia, "Anko, napenda sana kupiga picha, ninunue kamera gani?" Swali hili naulizwa kila mara, na najua wengi mnaosoma hapa mnataka hichohicho, kula kwa picha.

Mimi nilikuwa muuza duka tu hapa Tororo, Uganda, picha sikuziwaza kabisa. Siku ya kwanjula ya dada yetu, ile sherehe ya utambulisho kabla ya harusi, binamu akaniachia kamera akaenda kupokea wageni, nikaanza kubonyeza bonyeza. Jioni tunaziangalia kwenye laptopu, nikamwona bibi kakaa mkekani na gomesi yake, lile gauni refu la heshima la akina mama, mwanga umempiga kwa ubavu, makunyanzi yote yanaonekana. Banange! Uso ule nimeuona tangu utotoni lakini siku ile ndo niliuangalia. Usingizi haukuja, na duka kuanzia hapo likanichosha.

Baadaye nikaingia studio moja ya mjini, nikabeba taa na stendi, nikapiga harusi za watu, picha zangu zikatoka na jina la mwenye studio. Nilipouliza akaniambia nishukuru hata kushika kamera yake. Bado inaniuma, sitadanganya. Lakini pale ndo nilijua kwamba kanzu nyeupe inaidanganya kamera, maana kamera ikiachiwa yenyewe inataka picha nzima iwe kijivu cha katikati, ikiona kanzu na gomesi nyeupe inapunguza mwanga na nyuso zetu nyeusi zinazama gizani. Kwa hiyo usiiachie iamue, shika kitufe cha + na − uongeze mwanga mpaka uso uonekane, ila usipitilize, mikunjo ya kanzu ikishapotea kwa weupe huirudishi. Na watu wakikaa chini ya tenti nyekundu watoe kwanza uwapeleke kivuli cha mti, la sivyo ngozi zote zinatoka nyekundu.

Halafu jua. Sisi tuko karibu na ikweta, linachomoza wima na kuzama wima, ule mwanga laini wa dhahabu unapita upesi sana. Saa sita liko utosini, macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Basi amka! Saa moja kasoro asubuhi uwe umeshafika chini ya Mwamba wa Tororo, siyo unajipaka mafuta nyumbani. Vijana mnataka lenzi za mamilioni na kuamka hamtaki, mapenzi gani hayo? Nasema tena, amka.

Kwa hiyo binti yangu, simu uliyonayo inatosha kuanza. Ukipata hela tafuta kamera iliyotumika na lenzi ya 50mm f/1.8 (mm ni jinsi inavyovuta karibu, f/1.8 ni tundu kubwa linalopitisha mwanga mwingi), ni ya bei nafuu kuliko nyingi, kwenye kamera za sensa ndogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, inavuta karibu kama ya 75mm au 80mm hivi, safi kwa nyuso. Na ukienda kumpigia mtu kazi, andikishaneni kabla hujatoa kamera kwenye begi, jina la nani litakaa kwenye picha.