Bomba, peni au pampu? Insulini wakati wa ujauzito

Nina kisukari cha aina ya kwanza na nimebeba mimba mbili nikiwa kwenye insulini. Ya kwanza nilitumia bomba la sindano na kichupa cha insulini, ya pili peni, kifaa mfano wa kalamu chenye insulini ndani. Wifi yangu aliyeko Uingereza alibeba yake akiwa na pampu, kifaa cha kuvaliwa kinachopitisha insulini chini ya ngozi kwa kimrija. Akina mama wananiuliza kipi bora, nami huwajibu: pesa ya kwanza nunua stripu za kupimia, kifaa kifuate.

Sukari ya mama inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, lakini insulini unayojidunga haivuki. Kongosho la mtoto hujibu sukari hiyo kwa kutoa insulini yake nyingi. Ndiyo maana ananenepa kupita kiasi tumboni, na akishazaliwa sukari yake inashuka ghafla. Wengi wetu kliniki hutupa lengo la chini ya 5.3 mmol/L asubuhi kabla ya kula, na chini ya 7.8 saa moja baada ya kula. Tatizo ni kwamba dozi haitulii. Miezi ya mwanzo sukari inashuka ovyo, hasa kama unatapika. Kuanzia mwezi wa tano dozi inapanda wiki kwa wiki, na mwishoni inaweza kufika mara mbili ya ile ya awali au zaidi. Bila kupima, hakuna kifaa kitakachokuambia hayo.

Bomba na kichupa ni njia ya bei nafuu, na inafanya kazi. Ukichanganya aina mbili, vuta kwanza ile angavu (ya haraka), kisha nyeupe (inayodumu zaidi). Soma pia maandishi ya bomba lenyewe: liwe U-100, yaani la insulini yenye uniti 100 kwa kila mililita. Ukichukua lile la U-40 ukavuta hadi alama ya 20 kutoka kwenye kichupa cha U-100, utakuwa umejidunga uniti 50. Hilo linaweza kukuangusha usiku huohuo.

Peni ilinipunguzia kazi ya kukodolea macho mistari midogo. Toa uniti mbili hewani kwanza, jidunge, bonyeza hadi mwisho, hesabu hadi kumi ndipo uchomoe. Tumbo likikua dunga ubavuni mwa tumbo au pajani, sindano fupi haimfikii mtoto. Usiiache sindano kwenye peni, hasa kwenye joto letu, maana hewa huingia. Na kwa kuwa katriji, vichupa vya insulini vinavyoingia ndani ya peni, huadimika madukani, weka kichupa na mabomba ya akiba.

Kinachonikera kuliko kifaa chochote ni mjamzito kuachwa kwenye insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70 ambamo ya haraka na inayodumu zaidi zimechanganywa tayari, bila mtu kuuliza kama inamfaa. Sukari ikipanda baada ya chai ya asubuhi, ukiongeza dozi unaongeza zote mbili kwa pamoja, na saa sita mchana unatetemeka kwa sukari kushuka. Muulize daktari kama unaweza kutenganishiwa ya msingi (inayodumu) na ya chakula (ya haraka). Hata kwa bomba la kawaida, hilo litakusaidia kuliko peni yenye mchanganyiko.

Pampu inatumia insulini ya haraka peke yake. Kimrija kikijikunja bila wewe kujua, baada ya saa chache tu ketoni, asidi ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini, zinapanda, na katika ujauzito hatari hiyo huja hata sukari isipokuwa juu sana. Wifi yangu hakuwahi kutoka nyumbani bila peni ya akiba. Utafiti wa CONCEPTT wa 2017 ulionyesha kuwa wajawazito waliovaa sensa ya sukari, kifaa cha ngozini kinachopima sukari muda wote, walizaa watoto wachache wenye uzito uliozidi. Humohumo, waliojidunga sindano walidhibiti sukari vizuri kuliko wa pampu, ingawa hawakupangiwa kifaa kwa kura. Pampu zinazojirekebisha zenyewe kwa kusoma sensa ni habari nyingine: utafiti wa AiDAPT wa Uingereza, 2023, uliona sukari ikikaa kwenye lengo asilimia 68 ya muda, dhidi ya 56 kwa waliobaki na matibabu yao ya kawaida. Ukiipata, ichukue kwa mikono miwili.

Kifaa chochote ulicho nacho, kondo likishatoka mahitaji ya insulini yanaporomoka. Omba daktari akuandikie dozi ya baada ya kujifungua kwenye kadi ya kliniki kabla uchungu haujaanza, na anayekusindikiza aijue.