Kila nikifurahi, naogopa kwamba inarudi

*Yaya, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Katuba, Lubumbashi. Nina ugonjwa wa bipola, ule wa akili unaopandisha na kushusha hisia. Mara ya mwisho ulipopanda nilikesha usiku mwingi mfululizo, nikamaliza pesa ya likelemba yetu, ule mchango wa kupeana kwa zamu, kisha nikaanguka kitandani miezi mingi. Sasa natumia dawa ya lithiamu na niko vizuri. Lakini nikicheka sana, au wazo zuri likinijia, moyo unashtuka: inarudi! Sherehe nakataa, hata cheo cha udirekta nimekataa. Nitaishi hivi mpaka lini?*

Mdogo wangu, hofu yako ina sababu. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi, na atakayekuambia umepona, uache dawa, awe mchungaji awe jirani, usimfuate. Lithiamu ikikatwa ghafla ndipo unaporudi kwa nguvu.

Ila unachunga furaha, na furaha si dalili. Chunga usingizi. Aliyecheza arusini hurudi amechoka, akalala. Lakini ukilala masaa mawili ukaamka na nguvu kuliko jana, na kesho yake vilevile, mawazo yanakimbia kushinda mdomo, kila mtu unamwona mzito, hapo usingoje usiku wa tatu. Mwone daktari.

Shida ni kwamba ugonjwa ukipanda, mwenyewe unajiona mzima kuliko wote. Kwa hiyo tafuta mtu mmoja asiyeogopa hasira yako, labda dada yako, umuulize: mara ile, ni nini ulichokiona kwangu kwanza? Andikeni. Kubalianeni sasa, ukiwa na akili yako timamu, kwamba siku atakayosema “twende Guislain,” kule kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, mtakwenda bila mabishano, na pesa ya simu na ya likelemba atashika yeye. Hofu uliyoibeba peke yako itapungua sana ukiigawa hivyo.

Najua litakalokushinda: matanga. Kwetu asiyekesha na wafiwa husemwa. Lakini kukesha kunaweza kukuangusha kabisa. Nenda mchana, toa mchango, pika, osha vyombo, lia nao, na jioni urudi ulale. Wakisema, waache waseme. Ndugu yako mmoja awaeleze wakubwa mapema.

Kuhusu dawa yenyewe: damu ipimwe kama daktari alivyopanga. Joto la Oktoba likija, kunywa maji ya kutosha. Usijinunulie ibuprofeni wala diklofenaki kwa maumivu, maana zinapandisha lithiamu mwilini. Ukihara, ukitapika, mikono ikitetemeka sana au ukiyumba, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kile cheo, kilikataliwa na hofu, si na ugonjwa. Ongea na daktari kuhusu masaa ya kazi na usingizi wako. Kama hakijapewa mtu, kakiombe tena. Hofu nayo, ikiendelea kukunyima usingizi, mwambie daktari waziwazi. Hiyo pia inatibiwa.