Moyo usiposhtuka siku ya kwanza: jibu kwa dada wa Nakuru

Wiki iliyopita jarida liliuliza kama mvuto unaweza kuja baadaye. Swali lilitoka kwa dada wa Nakuru mwenye miaka 27. Shangazi yake amemwonyesha kijana anayefanya kazi Kisumu, na wamekutana mara mbili. Kijana ana adabu, ana kazi, mazungumzo yanakwenda, ila si mrefu kama dada alivyotaka na moyo haujashtuka. Shangazi anahimiza, naye dada anaogopa kuolewa na mtu asiyemvutia.

Dada, mvuto huweza kuja baadaye, na namna unavyokuja imechunguzwa vya kutosha. Lakini jipime kwanza unaanzia wapi, maana hapo ndipo wengi hupotea. Kutoshtuka ni jambo moja, kukereka ni jingine. Ukikaa naye meza moja na mwili wako umetulia, humtamani wala humkimbii, uko kwenye sifuri, na sifuri hupanda. Kama harufu yake inakusumbua, au akikushika mkono unatamani kuuchomoa, au ulimwona akimfokea mhudumu ukasinyaa, uko chini ya sifuri. Hapo kukutana zaidi hakuponyi kitu. Mwaka 1976 yalichapishwa matokeo ya utafiti kuhusu majirani wa mtaa mmoja wa California: watu waliowapenda walikaa karibu nao, na watu waliowachukia nao walikaa karibu. Ukaribu hukoleza kilichopo. Kama ni karaha, mwambie shangazi wiki hii hii, usimweke kijana wa watu kwenye matumaini ya bure.

Tuseme ni sifuri. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kitu tunachokiona mara kwa mara huanza kutupendeza kwa sababu tu tumekizoea, hata pasipo sababu nyingine. Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Moreland na Beach, 1992, katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Walichukua wanawake wanne wanaokaribiana kwa sura. Mmoja hakuingia kabisa katika ukumbi wa mihadhara, wa pili aliingia mara 5, wa tatu mara 10, wa nne mara 15. Walikaa mbele ambapo wote wangewaona, wakatoka bila kusema na mtu. Mwisho wa muhula wanafunzi walionyeshwa picha za wanawake hao. Wengi hawakuwa na habari kwamba waliwahi kuwaona, lakini aliyeingia mara 15 ndiye aliyeonekana mwenye mvuto kuliko wenzake. Ndiyo maana ndoa nyingi za kwetu huanzia kwaya, chama, chumba cha walimu au kibanda jirani sokoni Kibuye. Watu huona sura ileile wiki baada ya wiki, na siku moja wanashangaa kwamba sura hiyo imekuwa nzuri.

Sasa angalia mlivyokutana nyinyi. Nadhani ni kwa mtindo uliozoeleka: hoteli, mmeketi mkitazamana, saa tatu za maswali ya kazi na ukoo, kisha kimya cha mwezi mzima. Mkutano wa namna hiyo ni usaili. Mtu akihojiwa hukaza uso, sauti hubana, na wewe unatoka na picha ya mtu aliyekaza uso. Mazoea hujengwa na vipindi vifupi vingi. Vipindi virefu vichache huleta uchovu. Badala ya simu moja ya saa mbili Jumapili, pigianeni simu ya video ya dakika 10 au 15, mara tatu au nne kwa wiki, saa ambayo kila mmoja yuko katika shughuli yake ya kawaida: wewe unakatakata sukuma wiki, yeye anapiga pasi shati. Ujumbe wa maandishi hautoshi, kwa sababu hauna uso wala sauti, na mvuto unahitaji vyote viwili. Picha zilizolainishwa kwa filta mziache, maana zinakufanya uizoee sura ambayo hutaikuta ukishuka stejini. Na kwa kuwa kati ya Nakuru na Kisumu ni nusu siku ya matatu, kutaneni Kericho. Kila mtu anasafiri nusu ya njia na jioni yuko kwake.

Mkikutana, fanyeni kitu. Mwili ukichangamka, akili hutafuta sababu ya mapigo ya moyo, na mara nyingi humpa sifa aliye karibu. Dutton na Aron waliliona hilo mwaka 1974 kule Vancouver, Kanada. Wanaume waliovuka daraja la mbao na nyaya linaloning'inia juu ya bonde refu walimpigia simu msichana aliyewahoji darajani mara nyingi zaidi kuliko waliovuka daraja imara: kati ya waliopokea namba yake, walipiga 9 kati ya 18, dhidi ya 2 kati ya 16. Kwa hiyo kutembea ukingoni mwa kreta ya Menengai kwa saa moja kuna faida kuliko saa moja ya soda. Ila sikiliza upande wa pili, maana watu huusahau. Mwaka 1981 watafiti wengine waliwakimbiza wanaume papo hapo walipo, baadhi kwa sekunde 15 na baadhi kwa sekunde 120, kisha wakawaonyesha video ya mwanamke. Aliyekuwa amejipamba alipendeza zaidi kwa waliokimbia sana. Alipofanywa asipendeze, hao hao waliokimbia sana ndio waliomwona mbaya zaidi. Msisimko nao hukoleza tu. Usiamue lolote, si ndiyo wala hapana, mkiwa bado mnatweta mlimani au mkitoka uwanjani Gor Mahia imeshinda. Amua kesho yake asubuhi, ukiwa umeshiba na umelala.

Kuhusu urefu wake. Kila mtu ana orodha: awe mrefu, awe mcha Mungu, awe na kiwanja. Eastwick na Finkel walichapisha mwaka 2008 utafiti wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ambao kwanza walitaja sifa wanazotaka, kisha wakakutana ana kwa ana na watu wengi kwa dakika chache chache. Sifa walizotaja hazikubashiri nani angewavutia. Orodha inamhusu mtu wa kufikirika. Mvuto unamhusu mtu aliye mbele yako, anavyocheka na anavyokujibu. Orodha zenyewe zina ukweli wake kwa ujumla. Mwanasaikolojia David Buss mwaka 1989 alitoa matokeo ya watu 10,047 katika makundi 37 ya nchi 33 (Afrika iliwakilishwa na Nigeria, Zambia na Afrika Kusini), na wanawake walitilia mkazo kipato zaidi ya wanaume, wanaume wakatilia mkazo sura na ujana zaidi ya wanawake. Lakini wote wawili waliweka wema na akili juu kabisa. Urefu upunguzie alama, usiufanye geti.

Kuna utafiti mmoja wa 2015 ambao ungempa shangazi yako furaha. Hunt, Eastwick na Finkel waliangalia wapenzi na wanandoa, jozi 167. Walioanza uhusiano mara tu walipofahamiana walilingana kwa uzuri wa sura: mzuri kwa mzuri, wa wastani kwa wa wastani. Waliofahamiana muda mrefu kabla ya kupendana hawakulingana hivyo. Muda ulikuwa umewapa jicho lao wenyewe, lisilofanana na la mpita njia.

Muda huo uwe na mpaka. Naona miezi mitatu au minne inatosha, mkionana ana kwa ana mara 10 hadi 15, mchana na jioni, mmoja akiwa amechoka, mmoja akiwa na furaha, peke yenu na mbele ya rafiki zako. Dalili za mvuto unaokuja ni ndogo: unakijua kicheko chake kabla hakijatoka, unavaa kwa kumfikiria, simu ikichelewa unaitazama. Usipoziona kufikia hapo, mwachie aende kwa heshima. Na katika miezi hiyo pasiwe na ujumbe wa wazee, pasiwe na neno la mahari. Ng'ombe wakishatajwa hutajua tena kama unamtaka mtu au unaogopa kuaibisha nyumba.

Umetaja pia kwamba wazazi wako wanatoka Busia na wake Siaya. Ulizeni koo mapema, kwa baba na kwa mama, kabla hamjazama. Kisha mpime damu, wote wawili, kwa sababu ya selimundu (sickle cell), ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu. Kanda ya ziwa ina malaria nyingi tangu zamani, na kinasaba cha ugonjwa huu kimeenea huko kwa kuwa anayebeba kimoja tu (AS) hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na kwa kawaida anaishi na afya yake bila kujua. Ninyi wawili mkiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mwenye ugonjwa wenyewe (SS). Hospitalini ombeni kipimo cha elektroforesisi ya himoglobini. Kile cha haraka cha tone la damu chini ya hadubini huonyesha tu kwamba chembe zinapinda. Hakitofautishi AS na SS.