Muulize Treda: Nimeunguza pesa za washkaji, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi kijana wa Mbagala, natredi dhahabu mwaka na nusu sasa. Washkaji zangu wanne waliona natoa faida wakanipa laki nane nane, jumla milioni 3.2, tukakubaliana faida nusu kwa nusu. Ijumaa ya kwanza ya mwezi nikabai loti 0.50 kabla ya habari za ajira za Marekani, stop losi (oda ya kufunga trade yenyewe hasara ikifika kiwango fulani) sikuweka, dhahabu ikaporomoka. Akaunti ilikuwa na dola 1,200 hivi, zimebaki 140. Hawajui bado, kila siku wananiuliza kwenye grupu mzigo unaendaje najibu uko poa. Nawaza nikope kwenye simu nirudishe kabla hawajajua. Naomba ushauri kaka. (Mdau, Mbagala)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole sana, na nakupa pole kutoka moyoni maana najua hiyo wiki yako ikoje, chakula hakipiti, simu ikilia tu unashtuka. Ila kukopa hapana. Usikope kwenye simu, usiende kwa kausha damu, usiuze hata hicho kitanda, kwa sababu hiyo hela ukiipata inaenda sokoni na inafia huko huko. Piga hesabu: aliyepoteza asilimia 10 anahitaji kama 11 kurudi alipokuwa, aliyepoteza nusu anahitaji 100, wewe kutoka dola 140 kwenda 1,200 unahitaji zaidi ya asilimia 750, na mtu anayetafuta asilimia 750 harakaharaka kabla watu hawajashtuka atafungua loti kubwa kuliko hata ile iliyomuunguza, hakuna namna nyingine.

Angalia ilivyokuwa. Loti 0.50 ya dhahabu ni aunsi 50, bei ikisogea dola 1 kwako ni dola 50, yani akaunti nzima ilikuwa na uwezo wa kubeba dola 24 tu za mtikisiko, na Ijumaa ya ajira, saa tisa na nusu alasiri yetu (wakati wa baridi yao inakuwa saa kumi na nusu), dhahabu inatembea hizo ndani ya dakika chache. Ungehatarisha asilimia 1, dola 12, ukaweka stop losi ya dola 6, loti yako ilikuwa 0.02.

Lakini sidhani hizi hesabu huzijui, mwaka na nusu unazijua vizuri. Kilichokumaliza ni wale watu wanne. Pesa yako ikienda vibaya unafunga, unaumia, unaenda kula, basi. Pesa ya mshkaji ukifunga hasara maana yake ukaandike kwenye grupu "jamani tumepoteza", sasa hufungi, unasubiri irudi kidogo, inashuka tena, unasubiri, macho yako kwenye chati ila unachokiogopa ni grupu. Nimeona matreda wazuri, watu wa nidhamu kabisa, wameharibika hivyo hivyo mwezi wa kwanza tu wa kushika pesa ya ndugu au rafiki. Ndio maana mimi sishiki ya mtu, hata akinipigia magoti. Akitaka namfundisha afungue akaunti yake, aumie kwa mkono wake.

Alafu kuna sheria pia, wengi hamlijui hili. Kukusanya hela za watu ukaziwekeze kunataka leseni, hapa kwetu kuna Benki Kuu na kuna CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, na wakubwa mnaikumbuka DECI mwaka 2009, ule upatu wa kupanda na kuvuna, jinsi ilivyofungwa watu wakabaki wanalia. Sikuiti tapeli. Nasema tu ukiendelea kuficha huku unaandika "uko poa" unaanza kufanana naye, na siku wakienda polisi hizo meseji zako ndo zitasomwa.

Waite wote wanne, siku moja, uso kwa uso. Usiwaite mmoja mmoja maana wa kwanza atawapigia wenzake na stori itafika imetiwa chumvi. Waoneshe historia ya akaunti kwenye simu, ile trade ya Ijumaa, saa, loti, kila kitu, na usimsingizie broka, ile kampuni unayotredia kwake. Zile dola 140 zitoe wagawane siku hiyo hiyo. Kisha sema utalipa kiasi gani kila mwezi kutoka kwenye kazi yako nyingine, kiasi ambacho hata mwezi mbaya unakiweza, bora elfu 30 kwa kila mtu na ifike kweli kuliko laki ya ahadi, mwandikishane. Atakayekutukana mwache amalize. Inawezekana mmoja wao asirudi kuwa rafiki yako, hilo sitakudanganya.

SWALI: Mume wangu anatredi, analala usiku wa manane. Siku akipata analeta kuku nyumba nzima tunafurahi, siku akipoteza haongei hata na watoto. Nikiuliza ananiambia sielewi hayo mambo. (Mama wa wawili, Tanga)

JIBU: Dada yangu unaelewa sana, tena umeona kitu ambacho yeye hajakiona. Nikupe la kumuuliza: anatredi nini saa nane usiku? Kama ni yeni, pesa ya Japani, sawa, Tokyo inafungua saa tisa usiku yetu. Kama ni euro au pauni, London inafungua saa nne asubuhi au saa tano kutegemea msimu, New York inaingia alasiri, na mzunguko mkubwa ni kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa moja jioni hivi. Kwenye saa sita, saa saba usiku benki za New York zinafunga siku, spredi (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza) inapanuka, wenye kazi yao wameshalala. Anayebaki hapo mara nyingi anatafuta kurudisha alichopoteza mchana, na huo usiku ndio unaokula hela ya nyumba.

Usimuulize leo umepata ngapi, swali hilo linamsukuma kesho afungue trade ili apate jibu. Muulize mwezi huu uko tayari kupoteza kiasi gani, na ukifika hapo unaacha? Akishindwa kutaja namba, hapo kuna shida. Na ada, kodi, hela ya dawa zikae kwako au kwenye akaunti ya benki ambayo haigusi soko kabisa, hili msilijadili mara mbili. Kuku wa siku ya faida ni mzuri ila watoto wanamtaka baba yao hata Jumanne ya hasara.

SWALI: Bro nina laki mbili, broka ananipa levereji 1:500 (yani natredi mpaka mara 500 ya hela yangu), naweza kuishi kwa treding tu? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Hapana. Asilimia 5 kwa mwezi ni kazi nzuri mno na kwa laki mbili hiyo ni elfu 10. Mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, mwaka 2018 walisema akaunti za wateja wadogo zinazopoteza ni kati ya asilimia 74 na 89, wakashusha levereji mpaka 1:30 kwa sarafu kubwa. Na tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi ilipoacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro, faranga ilipaa ndani ya dakika, stop losi nyingi zikarukwa, hata broka Alpari UK wa London akafilisika. Baki na kazi yako, hiyo laki mbili ifanye ya kujifunzia.

SWALI: Rafiki yangu kachoma akaunti yenye hela ya kiwanja. Wiki mbili hapokei simu. Nimemtumia meseji "usijali utarudisha", kimya. (J., Arusha)

JIBU: Hiyo meseji usiitume tena, neno "utarudisha" ndilo linalomtesa usiku kucha. Nenda kwake, leo kama unaweza. Usiulize ilikuwaje, usitaje soko, mwambie twende tukale na ulipe wewe, na kama hataki kutoka nunua mle hapo hapo ndani. Mwangalie kama analala, kama anaoga. Akitamka maneno ya kutaka kufa au anaanza kugawa vitu vyake usimwache peke yake hata dakika, mpigie kaka yake au dada yake, mpelekeni hospitali usiku huo huo, msisubiri asubuhi. Akianza kuongea mwenyewe msikilize mpaka mwisho hata akirudia lile lile mara kumi. Na kama na wewe unamdai, hilo deni usiliguse kwa sasa.