Nilimwomba mwenye nyumba risiti, akanuna

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nimepanga chumba Kisauni, Mombasa, mwaka wa sita sasa, na kodi nilikuwa nampa mwenye nyumba mkononi. Nilipomwomba risiti alinuna: "Sisi Waislamu, mwanangu, twaaminiana." Mzee amefariki, Allah amrehemu, na wanawe wanadai miezi miwili niliyokwisha kulipa. Je, nilikosea kuomba risiti? Na yafaa serikali kuwalazimisha wenye nyumba kuzitoa?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Hukukosea, mwanangu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana madeni, na inatukataza kuchoka kuandika, liwe dogo liwe kubwa. Walioambiwa hayo mara ya kwanza ni Masahaba. Mimi na marehemu mzee wetu hatuwashindi hao kwa uaminifu.

Atakuja mtu aseme aya hiyo hiyo imeruhusu biashara ya taslimu isiandikwe. Kweli. Lakini hiyo ni ya mwenye kununua kilo ya sukari: pesa huku, sukari huku, kila mtu akaenda zake. Kodi walipa leo, manufaa yake wayapata siku thelathini zijazo. Tena baada ya ruhusa ile aya yasema tushuhudishe tunapouziana, na kupangisha kwa mafakihi, wanazuoni wa sheria, ni kuuza manufaa.

Jumhuri ya wanazuoni, yaani walio wengi, wamesema kuandika ni sunna, si wajibu, kwani aya ya 283 yazungumzia watu walioaminiana. Huenda mzee alishika hapo. Sasa tazama yaliyokufika. Tuseme mmemwendea mwanachuoni awaamue kisharia (makadhi wetu wa Kenya hawasikilizi kesi za kodi). Kanuni ni kwamba ushahidi ni juu ya mdai na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Mdai hapa ni wewe, kwa sababu wadai kwamba umelipa, na asili ya deni ni kubaki mpaka ithibitike limelipwa. Wale vijana hawatatakiwa kuapa kwamba hukulipa. Wataapa tu kwamba hawajui kama baba yao alipokea. Wataapa kweli tupu, hawana dhambi, nawe utalipa mara mbili. Hakuna mwongo hata mmoja katika kesi hii, na bado umedhulumika.

Ndiyo maana madhehebu yetu ya Shafi'i yanampa haki mlipaji ambaye neno lake halitakubaliwa bila ushahidi: anaweza kuzuia pesa mpaka ashuhudishiwe. Ungemwambia kwa adabu, "Baba, pesa hizi hapa, naomba uniandikie," usingekuwa umemvunjia heshima.

Serikali kulazimisha risiti yafaa. Nikaha inakuwa sahihi kwa walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli (tamko la kuozesha na la kukubali), bila karatasi yoyote. Hata hivyo tunaandikisha ndoa zetu, wala hatusemi kadhi ametudhania vibaya. Wenye nyumba wanaokwepa risiti kwa kuogopa KRA, watoza ushuru wa serikali ya Kenya, hilo ni lao na KRA. Wasimtwishe mpangaji.

Sasa la kufanya. Waombe warithi watazame daftari la marehemu. Wazee wengi huandika hata wasipotoa risiti. Kisha tafuta jirani mwadilifu, mwanamume, aliyekuona ukilipa. Katika mambo ya mali, shahidi mmoja pamoja na kiapo chako vinatosha kwetu, kwani Mtume (s.a.w.) alihukumu hivyo, kama ilivyo katika Sahihi Muslim. Na wakikuta dalili kwamba baba yao alipokea, kisha wakaapa kinyume ili wachukue tena, wasome hadithi ya mwenye kukata haki ya Mwislamu kwa kiapo chake: Moto umemwajibikia, hata kama ni kijiti cha mswaki.

Mwezi ujao tuma kwa M-Pesa, na usiufute ule ujumbe.

Wallahu aalam.