Roma na Han: Ipi Ilitawaliwa kwa Umadhubuti Zaidi?

SWALI: Ndugu Mhariri, Dola ya Roma na Dola ya Han ya China zilikuwapo wakati mmoja. Ni ipi iliyokuwa na utawala madhubuti zaidi?

JIBU: Kwa maoni yangu ni Han, ingawa kwa ujenzi wa barabara za mawe Roma iliipita mbali. Han, iliyodumu kuanzia 206 KK hadi 220 BK, iliendeshwa na maofisa wengi wa kulipwa, ilihodhi biashara ya chumvi na chuma tangu 117 KK, na katika sensa ya mwaka 2 BK iliandikisha watu wapatao milioni 57. Roma iliwaachia matajiri wa kila mji sehemu kubwa ya ukusanyaji kodi, hivyo magavana wake walikuwa na watumishi wachache mno.

Dola hizo zilifahamiana kwa mbali tu. Mwaka 97 BK mjumbe wa Han, Gan Ying, alitumwa kuitafuta Roma, lakini alipofika pwani mabaharia wa Parthia, dola ya Uajemi iliyokuwa kati ya hizo mbili, walimwambia kwamba upepo ukiwa mbaya safari ingeweza kuchukua miaka miwili, naye akarudi. Parthia, iliyofaidika kwa uchuuzi wa hariri, haikuwa na sababu ya kuwakutanisha wateja wake.