Bima ya WRX STI: kampuni isiyokuuliza maswali iogope

Mkuu umeuliza uende kampuni gani ya bima na hiyo Subaru WRX STI hatchback ya 2010 uliyotoka kuitoa bandarini, na wadau hapo juu wameshakumwagia majina, huyu NIC, huyu Alliance, huyu Heritage, mwingine Britam, kila mwamba ngoma anavutia kwake. Mimi nina STI ya toleo la kabla ya yako, ile yenye taa za macho ya mwewe, kodi ya bodi GDB, naiendesha hapa Dar miaka sasa, nimeshahama kampuni, nimedai nikalipwa vizuri, nimedai nikazungushwa mpaka basi, kwahiyo nakuandikia nilichokiona. Ni ndefu, chukua chai.

Bei isikupotezee muda. TIRA, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia bima, wameweka viwango vya chini, bima kubwa kwa gari binafsi inacheza kwenye asilimia 3.5 ya thamani halafu juu yake VAT asilimia 18. Gari ya milioni 40 inakuja 1,400,000, weka VAT 252,000, unalipa 1,652,000. Kampuni hii na ile zitapishana hela kidogo tu. Sasa akija mtu na laki sita kwa gari hiyohiyo, ama kakuandikia thamani ya chini kimya kimya ama ni kishoka na stika yake haipo kwenye mfumo. Stika hakiki mwenyewe kwenye tovuti ya TIRA MIS, unaweka namba ya gari inakuletea kampuni, aina ya bima na tarehe ya kuisha, na hela ingiza akaunti ya kampuni yenyewe, sio namba ya simu ya mtu. Na huyo anayekwambia kata bima ndogo ya 118,000 trafiki wasikusumbue, hajakudanganya, ila ile inamlipa uliyemgonga, chuma chako kikilala mtaroni ni wewe na mfuko wako.

Kinachotofautisha kampuni kwa gari kama yetu ni maswali wanayokuuliza KABLA hawajachukua hela. Ist au Vitz hata wakikukatia bima kwa picha za WhatsApp hakuna shida sana, gari iko kama ilivyotoka kiwandani na spea zimejaa Kariakoo. Ila STI ukituma picha nne na kadi ya gari, baada ya nusu saa unaletewa kava noti (hati ya bima), hapo hakuna aliyeangalia kitu, na maswali ambayo hawakuuliza leo watakuja kuyauliza siku unadai. Kampuni niliyonayo sasa walimtuma mtu nyumbani, akafungua boneti, akauliza ekzosti ni ya kiwandani au umebadili, akapiga picha rimu, namba ya chesisi, akauliza gari inalala wapi na nani mwingine anaiendesha. Wife alidhani ni TRA. Mimi nilifurahi kwasababu kila alichokiona kimeingia kwenye ripoti yao, hawawezi kuja kusema hawakujua.

Kuna kitu kimoja wengi hawakiangalii, jina la gari kwenye polisi, yaani hati ya mkataba wa bima, sio polisi wa kituoni. Kadi ya gari mara nyingi inasema Subaru Impreza, basi. Na Impreza ya 1.5 nayo ni Subaru Impreza. Yako kwa kodi ya bodi ni GRB, bodi yake ni pana, bampa na mafenda ya GH2, hiyo Impreza ya kawaida, hayaingii hata upige nyundo. Mimi nilishawahi kugongana na bajaji Mwenge, boneti ikakunjika na taa moja ikaenda, asesa, yaani mkadiria hasara, wa kampuni niliyokuwa nayo wakati ule akaleta makadirio ya boneti ya Impreza ya kawaida, ile isiyo na tundu la hewa la intakula (kipoza hewa ya turbo)! Namuonyesha tundu ananiambia fundi atatoboa. Kwenye klemu hiyo, yaani dai, zilienda barua zikarudi barua, mwisho walilipa boneti kama ya kwangu ila kwa jasho, na mkataba ulipoisha nikawaaga. Kwahiyo hakikisha wameandika WRX STI, GRB, turbo, cc, na vitu vya thamani vilivyokuja nayo kama breki za Brembo na viti vya Recaro kama unavyo. Wakikwambia mfumo wao hauna nafasi ya kuandika hayo waombe wayaweke kwenye barua yenye muhuri iambatane na polisi.

Thamani sasa. Hapa ndio watu wanaumia. Mtu anajua kainunua Japan kwa dola kadhaa, anaandikisha hiyo, anasahau kwamba ili airudishe gari ile barabarani atalipa tena meli, ushuru, ushuru wa uchakavu, VAT, wakala wa bandari, usajili. Thamani ya kuandikisha ni ile ya gari ikiwa imesimama Dar na namba yake, na ukiandikisha chini wana kipengele kinaitwa averaji. Tuseme gari ina thamani ya milioni 40 umeandikisha 25 ili upunguze ada, ukapata hasara ya milioni 8, hawakulipi 8, wanachukua 25 kwa 40 mara 8, unapata milioni 5, halafu eksesi, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, inatoka hapohapo. Kuandikisha juu nako hakusaidii maana ikiteketea yote wanalipa bei ya soko ya siku hiyo, ada ya ziada uliyolipa imeenda.

Na bei ya soko ya hizi gari ni ugomvi wenyewe. Asesa amezoea gari inashuka kila mwaka, anachukua asilimia zake anakata. STI haishuki hivyo. Subaru waliacha kutengeneza injini ya EJ20 ya hizi STI za Japan, mwisho wakatoa EJ20 Final Edition magari 555 tu, na Marekani wanaruhusu gari kuingia ikishafika miaka 25 kwahiyo za zamani Wamarekani wanazigombania huko huko Japan kwenye minada. Ndio maana mimi kila nikirenyu bima napeleka ripoti ya mthamini anayekubalika na kampuni, na nawauliza swali moja la moja kwa moja, je mtakubali thamani hii iwe ya makubaliano, yaani ikiteketea mnalipa hii hii bila mjadala? Wengi watasema hapana. Anayesema ndio, hata kama anaongeza ada kidogo, mimi namsogelea huyo.

Modifikesheni. Mkuu najua hujafanya kitu BADO, ila nakujua na sisi wote tunajijua, miezi michache utaweka ekzosti, utaicheza ECU (kompyuta ya injini), utashusha sapenshen. Yote hayo yatangaze kwa maandishi, email inatosha, na usubiri wajibu kwa maandishi. Bima inasimama kwenye kusema ukweli wote, ukificha kitu ambacho kingewafanya waongeze ada au wakukatae wanayo haki ya kuugeuka mkataba. Kuna jamaa yangu ana Mitsubishi Evo, aliongeza busti (presha ya turbo) hakusema, gari ikashika moto ikiwa imepaki, hakuwa hata anaendesha, wakakwama kwenye ile modifikesheni miezi na miezi. Na usifikiri hawatajua, wanaweza kuleta mkaguzi anayezijua hizi gari vizuri kuliko hata fundi wako.

Hapohapo soma sehemu ya yasiyokatiwa bima. Mashindano, majaribio ya spidi, drifti, hata ile ya kirafiki uwanjani, hayamo karibu kwenye kila polisi. Kufukuzana Bagamoyo Road usiku sihitaji kukuelezea. Wengine wanaongeza eksesi kama dereva yuko chini ya miaka 25 au leseni yake ni changa, sasa wewe una mdogo wako anayeomba funguo kila wikiendi, uliza hilo mapema. Na ukiwa na mpango wa kwenda Naivasha kuangalia Safari Rally, Yellow Card ya COMESA, ile kadi ya bima ya kuvuka mpaka, inamlipa mtu wa tatu utakayemgonga Kenya, gari yako mwenyewe haimo mpaka uombe bima kubwa yako ivushwe mpaka.

Gereji na spea, hapa uliza mpaka wakuchoke. Una ruhusa ya kupeleka kwa fundi wako au lazima orodha yao? Kwenye orodha yao nani amewahi kufungua injini ya boksa, hii ya Subaru yenye silinda zilizolala? Spea wanalipia mpya, za mtumba kutoka Japan au Sharjah, au za kichina? Mtumba mimi sina tatizo nao, kwa STI mtumba halisi ni bora kuliko mpya feki, ila iandikwe. Wanakata uchakavu kwenye spea mpya? Eksesi ni asilimia ngapi ya klemu na kiwango chake cha chini ni shilingi ngapi? Maana kama ni asilimia 10 na chini kabisa ni laki tano, basi bampa la laki sita wao wanatoa laki moja. Kioo cha mbele kina ukomo gani? Watakaokujibu haya yote kwa email unabaki nao wawili watatu, na hapo ndio unaanza kulinganisha bei.

Mimi napitia kwa broka, sio wakala. Wakala anauza kwa niaba ya kampuni, broka anatakiwa asimame upande wako, na kwenye ile kesi ya boneti ndiye aliyekuwa anaandika barua. Ukikwama kabisa kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi halali kisheria, malalamiko yanapokelewa bila wakili. Ukipata ajali chukua kwa askari polisi ripoti zote, ya ajali, mchoro na ukaguzi wa gari (fomu za PF 90, PF 93 na PF 115), bila hizo faili halisogei, na usianze kutengeneza hata kwa nia njema kabla asesa hajaja.

Ukishapata kwotesheni zipige picha uweke hapa, namba ya gari na jina lako funika, na usiweke ukurasa wa bei peke yake, weka na ule wa maandishi madogo tuusome pamoja.